Pedali Zilizofungwa Kinyume

Nyambura, mama yangu,

Sikuulizi hujambo. Nimekuona saa nane hii ukitoka na mwavuli wa mama yako kwenda kusukwa nywele, na mtu anayefunga mlango kwa nguvu namna ile hana ugonjwa wowote. Mimi pia mzima, ila mgongo, na mgongo wangu si habari mpya katika nyumba hii. Kesho asubuhi unakwenda Bungoma kupiga gitaa katika bendi ya watu wengine, na leo ni siku ya tisa hujaniambia neno zaidi ya "chai iko mezani."

Naandika kwa sababu kusema kumenishinda. Jana nilikufuata mpaka jikoni nikiwa nimejipanga vizuri, maneno yote yako tayari kichwani, nikafungua mdomo nikajikuta nakugombeza kwa sababu ya chaja iliyoachwa ukutani. Ulinitazama tu. Mama yako naye akanitazama. Chaja yenyewe ilikuwa yangu.

Habari za blanketi, sufuria na nauli siandiki. Mama yako amezisema mara nne na mara ya tano atazisema kesho ukiwa na mguu mmoja nje. Sitakuambia pia uchague marafiki wazuri. Una miaka ishirini na miwili, na marafiki wangu mimi unawajua, kwa hiyo katika jambo hilo sina la kukufundisha. Nataka kuzungumza nawe juu ya pedali.

Umeguna. Najua umeguna. Endelea kusoma.

Gitaa lenyewe unalijua kuliko unavyonijua mimi. Majirani wanaliita cherehani ya Baba Nyambura, kwa kuwa mtu huketi nyuma yake kama fundi wa nguo, mguu unakanyaga chini, magoti yanasukuma leva huku na huku, na nyuzi kumi zimelala juu. Ulianza kulipiga ukiwa na miaka tisa, nikakata miguu ya kiti kimoja cha mama yako ili ufikie pedali, na kwa kiti kile bado nasemwa. Lakini kuna mambo ambayo sikukueleza tangu mwanzo, kwa hiyo leo nivumilie nikueleze kama mgeni.

Lilinijia likiwa vipande. Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha kilimo upande huu alipomaliza kazi yake aliuza kila kitu: vitanda, trela, mbwa wawili, na sanduku refu ambalo hakuna aliyejua ni la nini. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesikia sauti ile redioni tangu utotoni, katika nyimbo za kantri ambazo babu yako alizipenda kuliko taarifa ya habari, sauti inayopanda taratibu mpaka unashika kifua. Nikatoa mbuzi wawili nikabeba sanduku. Mama yako, ambaye tulikuwa tumeoana mwaka huo huo, hajawasahau mbuzi wale, na ukitaka kumkasirisha wakati wowote mtajie yule mwenye baka jeupe.

Fimbo za ndani, zile nyembamba zinazovuta nyuzi unapokanyaga, zilikuwa zimeliwa na kutu na nyingine hazikuwapo. Nikalipeleka gitaa kwa Kariuki, fundi wa baiskeli. Akaitazama fimbo moja, akaigeuza, akasema, "Hii si ni spoki tu, bana." Na kweli ilikuwa kama spoki. Akakata spoki za baiskeli, akazitia nati, na mpaka leo ukikanyaga sauti ikapanda, jua ni spoki za Kariuki zinazovuta. Ile iliyokatika tukipiga harusini Sirisia, bibi harusi akiwa ameshika kisu cha keki, ilikuwa spoki. Ulidhani nimekasirikia uzi.

Sasa ili tuzifunge, tuliligeuza gitaa kichwa chini juu ya meza ya Kariuki. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi moja tu yenye mchoro wa pedali tatu, unaoonyesha ipi inavuta nyuzi zipi, kwa mtu aliyeketi kitini akipiga. Sisi hatukuwa tumeketi. Tulikuwa tumesimama upande wa pili, upande wanaokaa watazamaji, na gitaa limelala miguu juu. Tukaufuata mchoro ule kwa uaminifu mkubwa, Kariuki akisoma na mimi nikifunga, tukamaliza jioni tumefurahi kama watu waliojenga daraja. Pedali ya kushoto ikawa kulia, ya kulia ikawa kushoto, na ya katikati ikabaki mahali pake kwa bahati yake.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na hilo sioni haya kulisimulia. Watu wawili wasiojua kitu walifunga kitu wasichokijua. Mambo yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niandike badala ya kukuita tuketi.

Nilijifunza kwa pedali zile zile, peke yangu, kwa redio na kaseti, miaka mitatu. Nikawa mzuri. Nasema bila haya, nilikuwa mzuri. Halafu bendi moja kutoka Nakuru ikaja kupiga hapa Kitale, kabla hujazaliwa, na mpigaji wao wa pedali akashikwa na homa. Mtu akawaambia kuna mkulima mmoja hapa analijua gitaa hilo. Wakaja kunichukua kwa gari. Langu tukaliacha nyumbani kwa kuwa lao lilikuwa tayari jukwaani, limetyuniwa, linang'aa. Nilivaa kofia ya babu yako. Mama yako aliketi mstari wa mbele na tumbo lake, wewe ukiwa ndani.

Unajua kilichotokea, maana kimekutokea na wewe. Kwenye gitaa letu, ukikanyaga pedali ya katikati na ya kulia kwa pamoja, sauti inafunguka, inakuwa ya furaha, ndipo mahali wimbo unapokwenda kupumzika. Kwenye gitaa la watu wengi, pedali hizo hizo mbili, ya katikati na ya kulia, zinatoa sauti ya huzuni. Kwa hiyo kila mahali ambapo wimbo ulitaka kucheka, mimi niliufanya ulie. Mara ya kwanza watu walidhani ni ufundi. Mara ya tatu mpiga ngoma aligeuka kunitazama. Nikainuka katikati ya wimbo, nikasema kwenye kipaza sauti, "Hii gitaa yenu imeharibika."

Yule mgonjwa alitoka garini na blanketi mabegani, akaketi, akapiga wimbo ule ule kwenye gitaa lile lile. Sina haja ya kukuambia ulisikikaje.

Alinifuata nje baadaye. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Akasema, "Ndugu, mkono unao. Ila unakanyaga kinyume. Enda nyumbani upindue hizo pedali zako. Miezi sita utateseka, halafu utakuwa sawa. Sisi tunarudi Desemba, na mimi nataka kuacha hii kazi. Nitawaambia wakuchukue."

Nilifika nyumbani nikalala chini ya gitaa na ufunguo, nikahamisha spoki zote za pedali ya kushoto na ya kulia. Kisha nikaketi kupiga. Nyambura, nilikuwa kama mtu ambaye hajawahi kuligusa. Miaka mitatu ilikuwa imekwenda na maji. Mama yako akapita na beseni la nguo akasema, bila ubaya wowote, "Leo linalia nini?" Basi. Hakuna zaidi ya hilo. Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimezirudisha spoki zote kama zilivyokuwa. Desemba bendi iliporudi na kutuma mtu mpaka hapa langoni, nilimwambia siwezi kuondoka, mahindi yangu bado yako shambani. Mahindi yalikuwa ghalani, nimekwisha kuyapukuchua.

Ndipo nilipoanza kuuita upigaji wangu "mtindo wa Kitale." Umenisikia nikiwaambia wageni, nikiwa nimeegemea kiti, "Sisi huku tuna mtindo wetu." Mtindo gani? Katika Kitale nzima nilikuwa mimi tu. Baadaye tukawa wawili.

Nilipokuweka kwenye kile kiti kilichokatwa miguu, nilikuwa na nafasi. Ilikuwa kazi ya Jumamosi moja, kuhamisha spoki zile na kuanza upya pamoja nawe. Nililifikiria jambo hilo. Sikusahau, sikupitiwa. Nilifikiri kwamba itabidi mtoto wa miaka tisa na baba yake wakosee pamoja kwa miezi sita, na kwamba mtoto atanipita kabla ya baba kupona. Kwa hiyo nikakufundisha kinyume, ili niendelee kuwa mwalimu.

Na kuna jambo lingine ambalo hulijui, au pengine umelikumbuka wiki hii na ndiyo sababu milango inafungwa hivi. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Uliniletea simu ya mama yako, umepata video ya mtu akipiga gitaa kama letu, ukaniuliza, "Baba, mbona mguu wake uko huku?" Nikakujibu bila hata kuinua kichwa kwamba simu hupindua picha, kama kioo. Ukaniamini. Ukaenda ukamweleza kaka yako Kimani, ukamchorea na daftarini. Tangu siku ile umetazama kila video ukiipindua kichwani mwako, miaka minane, na mara nyingi nilikuona umefumba jicho moja, mkono ukigeuka hewani, unatafsiri. Nilikuwa nakuona na nikanyamaza. Kuna siku nilitoka nje kwenda kutazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Sasa twende Bungoma, siku tisa zilizopita. Uliniomba nikusindikize nikakataa, kisha nikakubali, kisha nikalalamika njia nzima mpaka Kamukuywa ukaweka vidude vyako masikioni. Mzee Wekesa mwenye bendi alikupokea vizuri. "Wewe ndio mtoto wa yule wa Kitale? Kalibu, keti hapo. Hiyo gitaa ni ya Simiyu, mpigaji yetu wa zamani, lakini mgongo yake imekataa kazi." Ukaketi. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma, soda mkononi, na nilijua kabla hujagusa uzi wa kwanza, nilipoona mguu wako ukitafuta upande wa kulia. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema sentensi moja tu: mzee, mtoto wangu nimemfundisha kwa mpangilio mwingine, mpe dakika. Nilikunywa soda.

"Ngoja, ngoja," Wekesa akasema. "Msichana, hii ni ya halusi. Mbona unatupeleka matanga?"

Watu wakacheka, hawakucheka kwa ubaya. Ukasema pole, ukajaribu tena, na kwa kuwa wewe ni mtu wa bidii ukakanyaga kwa nguvu zaidi, na huzuni ikatoka kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu ukasimamisha mkono. Ukainama ukatazama chini ya gitaa, ukafuata fimbo kwa macho moja baada ya nyingine, ukainua uso ukanitafuta kwenye benchi. Uso ule nimekaa nao siku tisa.

Wekesa alikuwa mwungwana. "Mkono ni mzuri, bana, kabisa. Ni miguu tu. Wewe kuja na gitaa yako mwenyewe, tuanze kazi hivyo. Hiyo ingine tutaona mbele."

Nyumbani ukaniuliza mbele ya mama yako, "Baba, ulijua?" Nikasema, "Ningejulia wapi? Kwani mimi nilisomea gitaa wapi?" Ukasema, "Sawa," ukaingia chumbani.

Nilijua. Ndiyo jibu la swali lako. Nilijua tangu usiku ule wa bendi ya Nakuru, nilijua kila siku niliyoketi kando yako, nilijua nilipokudanganya juu ya simu, na nilijua nilipokuuliza mimi nilisomea wapi. Nisamehe. Nimelijaribu neno hilo kwa mdomo tangu juzi na linageuka chaja. Hapa kwenye karatasi halina pa kukimbilia. Nisamehe, mama yangu.

Basi, hayo yamesemwa, na bado unaniudhi. Jumatano nimekusikia sebuleni ukimwambia mama yako, kwa sauti ya kutosha ili nami nisikie kule zizini, "Kumbe kuna watu ng'ambo wanapiga kama sisi! Si kosa, ni mpangilio tu, watu wanachagua." Kwa muda wa saa moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Trans-Nzoia. Nilikamua ng'ombe nikiimba. Kisha nikafikiria lile neno la mwisho, wanachagua. Watu hao waliketi, wakajaribu huku, wakajaribu kule, wakaona huku kunafaa mguu wao. Mimi niliweka gitaa kichwa chini juu ya meza ya baiskeli. Tunakanyaga sawa lakini hatufanani hata kidogo, na usinifariji kwa habari zao.

Uchaguzi wenyewe, kwa kuwa sasa ni wako, acha nikueleze ninavyouona. Ukibaki na mpangilio huu, Jumamosi utaketi na kupiga, na Wekesa atasahau yaliyopita kabla ya wimbo wa pili. Lakini utalibeba gitaa hili kila mahali maisha yako yote. Bendi ikienda Lwakhakha, unalo. Ikialikwa mbali na wakasema njoo mikono mitupu, kuna gitaa huku, utatafuta sababu ya kukataa, na mimi nazijua sababu zote, hata zile za mahindi. Ukipindua, miezi sita utapiga kama mtu aliyelewa, watu wanaokulipa wanakusikia, na Wekesa ni mwungwana lakini si mama yako.

Na usidhani kwamba kupindua ndiko ushujaa. Kifundo chako cha kushoto kiliteguka ukicheza voliboli darasa la saba. Kwa mpangilio wa kawaida, ukitaka ile sauti ya furaha mguu huegemea ukingo wake wa nje, upande ule ule ulioteguka. Kwa huu wetu huegemea ndani. Nimekutazama siku za baridi ukisugua kifundo hicho kabla ya kuketi. Hilo ni jambo la kweli, lipime, ila lipime kwa mguu wako na si kwa huruma juu yangu. Ukiamua kupindua, zile leva mbili za goti la kushoto nazo zibadilishane nafasi, la sivyo goti litagombana na mguu. Hilo sikulijua siku ile niliyolala chini na ufunguo, na sasa nadhani ndiyo sababu nusu ya kushindwa kwangu. Nusu nyingine naifahamu.

Halafu ile programu ya kutyuni kwenye simu yako! Nimekwambia mara ngapi? Uzi wa tatu na wa sita usizikaze mpaka simu ifurahi. Zilegeze kidogo, sikio lipate utamu wake. Simu itakuambia uko chini, na simu haijawahi kucheza ngoma. Hili nitalisema mpaka nife.

Lakini na hapa pia nina habari yangu. Unamkumbuka Mwalimu Njoroge, mpiga kinanda wa kanisani kwetu. Kinanda hakilegezwi, kilivyotoka dukani ndivyo kilivyo. Mimi nikalegeza nyuzi zangu, yeye akabonyeza vitufe vyake, na kila Jumapili sisi wawili tulikuwa kama milango miwili isiyofungana. Akaniomba nipande kidogo. Nikamwambia ashushe kinanda chake. Tulikaa hivyo miaka miwili, mpaka wazee wakaona ni heri mimi nipumzike, na nikapumzika. Sikio langu lilikuwa sahihi, Nyambura. Nilirudi nyumbani nikapiga kwa usahihi, sebuleni, peke yangu, mama yako akiwa kwenye kwaya. Huko Bungoma wana kinanda pia. Kaa na huyo mtu wa kinanda nusu saa kabla hujaanza kumchukia.

Gitaa nimelifunga katika sanduku lake. Ndiyo, unakwenda nalo. Tangu juzi unazunguka sanduku hilo unaogopa kuniuliza na mimi nazunguka upande wa pili naogopa kukuambia, mpaka Kimani ametuuliza kama tunacheza kitu. Kwenye kapeti zimebaki alama nne za miguu yake. Mama yako ameshazipima kwa macho, anataka kabati.

Pedali sijazigusa. Alhamisi nilikuwa nimelala chini yake, ufunguo mkononi, tayari kuzipindua ili nikukabidhi gitaa sahihi na nijisikie vizuri. Nati ya kwanza ilikuwa imelegea nilipotambua kwamba nafanya lile lile tena, nakuchagulia mguu wako uende wapi bila kukuuliza. Nikaikaza nati nikatoka. Nikaenda kwa Kariuki, nikamwambia mama yako nimekwenda kutafuta mbegu za maharagwe, na Kariuki akanikatia spoki mpya kumi na mbili. Nikamweleza ni za nini. Akaacha kazi akanitazama. "Ati bado hujamwambia? Si ulisema utamwambia akimaliza shule?" Kumbe nilishamwambia Kariuki mwenyewe, nikasahau. Fundi wa baiskeli ametunza siri yangu miaka yote hii na mimi hata sikukumbuka kwamba anayo.

Spoki ziko kwenye mfuko wa ndani wa sanduku pamoja na ufunguo na ule mchoro wa pedali. Zinatosha kwa mpangilio wowote utakaoutaka. Usinipigie simu kuniuliza ufanyeje. Nipigie kuhusu mambo mengine yote, hata ya kijinga, hata usiku, lakini ukiniuliza hilo nitakata, kwa sababu nitakujibu, na nitakujibu vibaya.

Nimesikia lango. Umerudi, na mama yako ameshaanza habari za blanketi. Nitaiweka barua hii juu ya nyuzi ndani ya sanduku, uikute Bungoma ukifungua, ambapo huwezi kunifungia mlango.

Krismasi uje. Ukiwa umebaki na pedali zilivyo, tutapiga kwa zamu kama kawaida. Ukiwa umezipindua, usinifiche na usinionee huruma. Liweke gitaa sebuleni, waite mama yako na Kimani na shangazi zako wote, wakae wanitazame. Nitaketi mbele yao nikosee wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, nisiinuke. Halafu wewe upige magoti pale chini, unishike mguu, unionyeshe unapoanzia.

Baba yako,
ambaye chaja ilikuwa yake